Mkono Nilioinua Mbele ya Laini ya Juu

Nyambura,

Habari za sweta, pasipoti na chakula cha ndegeni utapewa na baba yako kesho ndani ya gari. Amejitayarisha tangu Krismasi na sitaki kumharibia. Mimi nina jambo moja tu, na unalijua, kwa sababu ni wewe uliyeniuliza na ni mimi niliyebeba ndoo nikaenda kwa ng'ombe badala ya kukujibu.

Weka barua hii chini ya nguo. Usiisome mjomba wako akiendesha. Huyo ukimwambia jambo hapa Subukia, akifika Nakuru analikuta linamngoja.

Ulipopata ile nafasi ya kwenda ng'ambo kufanya utafiti wa shahada ya udaktari, niliwaambia wamama wa kanisa kwamba unaenda kusomea biashara. Ukanirekebisha mbele yao. Ukasema hapana, unaenda kuchunguza jinsi biashara inavyogeuka: kampuni ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza kitu na kukiuza inaanza kutafuta faida kwa kuuza mali yake, kukopa, kukodisha na kugawa, mpaka kile kitu chenyewe kinabaki jina kwenye ubao wa langoni. Tena, ukasema, unataka kujua ni nani anayeketi mezani wakati hayo yanaamuliwa, na ameketi kwa niaba ya nani. Mama Pasta akasema, "Eh! Si hiyo ni kama ushirika wetu wa maziwa?"

Wote wakaangalia vikombe vyao. Mimi nikaongeza chai.

Hapo ndipo nilijua kwamba siku moja utanigeukia.

Sasa nikuambie nilivyokuwa, maana wewe umenijua nikiwa tayari nimechoka. Shule niliacha Kidato cha Pili kwa sababu ya karo, nikaingia soko la Nakuru kuuza viazi. Viazi vilikuwa vinatoka Molo kwa lori, na kabla gunia halijashuka nilikuwa nimeshajua kama limepungua, nimeshajua nitalipa ngapi, na nimeshajua dereva ataniambia uongo gani. Hakuna aliyenifundisha. Nilipata ng'ombe wa kwanza kwa viazi, wa pili kwa maziwa ya yule wa kwanza, na baba yako nilimkuta njiani. Usicheke, yeye mwenyewe husema hivyo. Kwa hivyo watu waliposema mimi ni mtu wa hesabu, hawakuwa wananisifu. Walikuwa wanaeleza tu, kama mtu anavyosema fulani ni mrefu.

Ndiyo maana laini ya juu ilinichagua niwe mjumbe wake.

Wewe ulizaliwa ukakuta laini, kwa hivyo huoni ajabu yake, lakini huko unakokwenda itabidi uwaeleze. Pikapu ya ushirika ilikuwa inashuka kutoka juu asubuhi, na kila iliposimama ilikuta watu wake na mikebe yao. Hiyo ndiyo laini. Watu wa laini walijuana. Walijua ni nani ng'ombe wake amezaa, ni nani ametia maji, ni nani anapeleka nusu kwa hoteli kisirisiri. Na kila laini ilikuwa na mjumbe wa kuisemea kwenye mkutano mkuu. Sheria ilisema kila mwanachama ana kura yake, awe na ng'ombe mmoja au ishirini. Ni kweli. Lakini tulivyozoea sisi, wakati wa kupiga kura mwanachama hakuangalia meza ya mbele. Aliangalia mjumbe wake. Mjumbe akiinua mkono, laini inainua.

Kwenye zile karatasi zako ulizoniachia nisome, umeandika kwamba wanachama "walifuata bila kuelewa". Hapo umenikasirisha, na nina haki. Haukuwa ujinga. Tulikuwa tumegawana kazi. Wao wanakamua, wewe mjumbe unasoma. Wao wanaamka gizani, wewe unakaa na makaratasi mpaka yakuelee. Mtu hawezi kufanya yote mawili na watoto wakaenda shule. Walikuwa wameazima macho yangu, na walifanya hivyo kwa akili zao timamu.

Tata Tabitha, rafiki yangu uliyemwita shangazi tangu utotoni, ndiye alikuwa akiketi nyuma yangu kila mkutano. Unamkumbuka alivyokuwa anapenda mzaha. Mtu akimuuliza mbona hasikilizi, anajibu, "Mimi hapa nimekuja kula. Akili yangu imekaa pale mbele, imefunga kitambaa cha kijani." Kitambaa kilikuwa changu. Alininunulia yeye.

Basi wakaja. Yule mshauri kijana kutoka Nairobi, viatu vyembamba, mwenye adabu kweli. Adabu yake ndiyo ilitumaliza, maana tulikuwa tumejiandaa kwa mtu wa kutudharau. Alitembea kila laini, akanywa chai kila mahali, akasema, "Wazazi wangu, mali yenu imelala. Sisi tumekuja kuiamsha." Mali ilikuwa kile kiwanda na matangi ya kupoza maziwa na shamba lililo chini yake, ambavyo babu zenu walivinunua kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye maziwa. Mpango ukawa hivi. Ushirika ugeuzwe kampuni, kila mtu apewe hisa kulingana na maziwa aliyowahi kuleta. Kiwanda na matangi viuzwe kwa mwekezaji, halafu kampuni ivikodi kutoka kwake iendelee na kazi. Pesa ya mauzo ilipe deni la benki, na itakayobaki itoke kama bonasi ambayo Subukia haijawahi kuiona.

Tulipewa kitabu cha kurasa zinazong'aa. Nilikisoma. Mwenyekiti wa ushirika akanipata sokoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Nyambura, dairekta wa kike lazima awepo kwenye bodi ya kampuni, sheria za siku hizi. Na mimi nimesema atoke laini ya juu." Nikamwambia tutaona. Nilipofika nyumbani nilijiangalia kwenye kioo cha kabati, Nyambura. Mwanamke wa viazi.

Siku ya mkutano mkuu walisimamisha mahema kwenye uwanja wa kiwanda, na sufuria za pilau zilikuwa nyuma ya ukuta, upepo ukituletea. Mshauri alikuwa bado anahangaika na waya za projekta wakati nilipoanza kugawa kichwani. Kodi ya kiwanda, ya kumlipa mwekezaji, ilikuwa ya mwezi, ileile, mvua inyeshe isinyeshe. Nikaigawa kwa lita za Mei, majani yakiwa mengi: kila lita ilibeba kitu kidogo tu, hata usingekiona. Nikaigawa kwa lita za Februari, ikazidi mara mbili. Nikaenda mbele kidogo. Mkulima akikatwa hivyo Februari, atampa maziwa yule mtu wa pikipiki anayelipa taslimu getini. Lita zikipungua, kodi inawaangukia waliobaki. Wakiona hivyo na wao watatoka. Hesabu haikuwa na mahali pa kusimama. Ilikuwa inateremka tu.

Nikainuka. "Mwenyekiti, nina swali."

"Ah, mjumbe wetu wa hesabu!" Watu wakacheka, si kwa ubaya. "Nafasi utapata, mama. Lakini pilau imeiva, na hawa watu wameamka usiku kukamua. Ama laini ya juu hamli?"

"Tunakula!" Tabitha akapaza sauti nyuma yangu, na hema lote likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka.

Yule kijana akanisogelea akainama, akaniambia taratibu kwa Kizungu kwamba jambo la kodi limeelezwa lote kwenye kiambatisho. Sikuwa nimeona kiambatisho chochote. Neno lenyewe sikulijua, nilikuja kuulizia maana yake baadaye. Lakini madairekta watarajiwa walikuwa wameketi mstari mmoja, wenye suti, wananitazama, na kulikuwa na kiti kimoja kitupu kati yao. Nikatingisha kichwa kama mtu aliyekisoma. Nikaketi.

Swali langu lilikuwa moja: kodi itatoka wapi mwaka ambao mvua imekosa? Si swali gumu. Mtoto wa shule angeliuliza. Nililimeza, mwenyekiti akasema wanaokubali wainue mikono, nami nikainua.

Sikugeuka. Nilisikia nyuma yangu ile sauti ya mikono ya makoti na sweta ikinyanyuka kwa pamoja. Laini nzima.

Bonasi ilitoka kweli. Watu walinunua mabati, pikipiki, ndama. Sisi tulijenga jiko hili. Na mimi nikaenda kwenye mikutano ya bodi kwenye hoteli ya Nakuru, ambako maji huwekwa kwenye glasi kabla hujaulizwa kama una kiu. Nilikaa huko muhula mmoja. Mara ya kwanza walipopiga kura niliinua mkono, na yule wa upande wa mwekezaji akatabasamu akaniambia, "Hapa hatuhesabu mikono, mama. Tunahesabu hisa." Hakuwa na kiburi, alikuwa ananisaidia. Nikashusha mkono. Baadaye hata hizo hisa zilikuwa zimeanza kuhama, kwa sababu mtu akibanwa na karo anauza, na mnunuzi alikuwa mmoja na bei aliipanga yeye.

Mvua ikakosa. Mengine uliyaona mwenyewe. Malipo yakachelewa mwezi, yakachelewa miwili, mtu wa pikipiki akaanza kusimama palepale pikapu iliposimama. Kampuni ikakopa kulipa kodi, ikakopa tena kulipa wenye hisa wakubwa, ili thamani ya hisa isishuke, walisema. Niliuliza, sasa nikiwa nauliza kila kitu, mpaka walikuwa wakiniona nafungua mdomo wanaangalia saa. Walinijibu yote kwa heshima, na hakuna jibu lililobadilisha kitu.

Hapo ndipo mzee wa Tabitha, mume wake, akaanza kuugua figo.

Zamani, mwanachama akiwa na mgonjwa, kamati ilikuwa inakutana palepale juu ya mikebe na kumpa advansi ya maziwa ya miezi ijayo. Hakuna aliyeandika barua. Ulipelekwa hospitalini kwa advansi hiyo ulipovunjika mkono, na aliyeipigia debe ni Tabitha. Basi nikapeleka jina la mzee wake kwenye bodi. Nikaeleza. Mmoja wao akasema, "Kwa heshima zote, hatuwezi kuifanya kampuni kuwa chama cha mazishi." Na mtu hakuwa amekufa bado! Kisha wakaenda kwenye ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa gawio la wenye hisa. Likapita. Mimi nilipinga, na iliandikwa kwamba nilipinga, na hiyo imemsaidia nani?

Nilimpelekea Tabitha cha kwangu, kutoka mfukoni mwangu. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Aliuza hisa zake, akauza ng'ombe, wote, hata yule mweupe aliyekuwa akimwita bibi harusi, na alipomaliza kuuza akanirudishia kile nilichompa, chote, kwenye bahasha. Rafiki hakurudishii chote. Tulisimama getini kwake, nikamwambia, "Tabitha, ile siku ya mkutano, mimi..." Akanikata.

"Mimi niliinua kwa sababu wewe uliinua."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kujibu.

Mzee wake alipokufa wewe ulikuwa chuoni Nairobi, kwa hivyo kuna jambo hulijui. Niliamka mapema siku ya mazishi nikafunga leso, nikachukua kisu changu na beseni, nikaenda kumenya viazi na wengine. Hiyo ndiyo nafasi yangu katika kila jambo la nyumba ile, tangu harusi yake. Nilipofika jikoni wanawake wakanisalimia, wote, vizuri. Kisha msichana mmoja akanijia na kiti cha plastiki.

"Mama, karibu kwenye hema."

"Sijakuja kukaa, mimi. Viazi viko wapi?"

"Tata Tabitha amesema ukae. Wageni wanakaa kwenye hema."

Nikakaa na wakwe waliotoka mbali, watu wasionijua. Nikaletewa soda na karatasi ya kupangusia mikono. Kisu kilikuwa kwenye kikapu, miguuni pangu, siku nzima. Mtu akiniuliza mimi ni nani wa marehemu, nilisema jirani.

Nikuambie ukweli, nina uchungu na watu wengi. Mwenyekiti siku hizi anatafuta kiti cha siasa, picha yake iko kwenye kila mlingoti mpaka Nakuru. Yule mshauri sijui yuko wapi. Wenye suti walirudi mjini. Mimi peke yangu ndiye bado ninaishi kwenye laini, kwa hivyo lawama haina haja ya nauli, inanikuta hapa. Hiyo ni haki? Si haki. Nilitaka uelewe kwamba najua si haki, kabla sijakuambia mengine.

Kisha ukarudi wewe na kinasa sauti.

Ulienda kwa Tabitha bila kuniambia. Ulikaa kwake tangu mchana mpaka ng'ombe wakarudi, na ulipoingia jikoni macho yako yalikuwa mekundu. Nilikuwa nachuja maziwa. Nikakuuliza alisema nini.

"Mama, siwezi kusema. Nilimwahidi."

"Mimi ni mamako."

"Ndiyo maana siwezi."

Nikasema lile neno. Nikasema nenda basi ukawe daktari wa aibu yangu. Nililiona likikuingia, na sikulirudisha, nikaendelea kuchuja. Ungenijibu vibaya ingekuwa nafuu. Ulikaa kwenye kigoda ukasema, polepole kama unavyomwambia mtu mgonjwa, kwamba nikisema uondoe habari ya ushirika wetu kwenye utafiti utaiondoa. Utatafuta kampuni nyingine, ya maua kule Naivasha, ya majani chai, yoyote, na hutanilaumu. Ila nikuambie kabla hujaondoka. Halafu ukaniuliza, "Lakini wewe, Mama, ulijua?"

Ndiyo nikabeba ndoo.

Tangu siku ile tumekuwa tukiambiana chumvi iko wapi na nani amechukua tochi. Umekuwa ukipiga pasi nguo zako na mimi ninapita na sufuria. Mwanangu wa pekee wa kike, na tumemaliza siku zetu za mwisho hivyo. Nimekuwa nikikusikia usiku ukitembea chumbani, nami naweka mkono kwenye kitasa, nauondoa. Mtu aliyepigania kila senti hajui kusema samahani kwa mtoto wake bila kwanza kueleza hesabu. Umeona barua hii imechukua kurasa ngapi kufika hapa.

Nilisoma karatasi zako zote, hata zile za Kizungu kigumu. Kuna mahali ulionyesha kwamba yule mshauri alikuwa na sehemu yake katika kampuni iliyonunua kiwanda. Hilo sikulijua kabisa. Miaka yote hii nilikuwa najilaumu kwa kugawa na kuzidisha, na kumbe kulikuwa na mtu ameketi pande zote mbili za meza, na ni wewe uliyeenda kwenye ofisi za watu, ukapanga foleni, ukalifukua. Niliweka karatasi chini nikatoka nje nikasimama tu. Nilikuwa na fahari na wewe kiasi cha kuumwa. Sikukuambia, kwa sababu tulikuwa hatuongei.

Baba yako aliposikia alisema, "Basi, umeona? Si wewe." Amekuwa akinitafutia neno hilo kwa muda mrefu, maskini. Lakini hapana. Umeandika kwamba wanachama hawakupewa habari kamili. Hiyo ni kweli kuhusu sehemu ya mshauri. Kuhusu kodi si kweli. Kodi ilikuwa kwenye kitabu, na kulikuwa na mtu mmoja chini ya lile hema aliyeigawa akaona inakoteremka. Ukiandika kwamba hatukujua, utakuwa umenisitiri. Nashukuru, lakini utafiti wako utakuwa na tundu, na tundu hilo ni mimi.

Kwa hivyo jibu lako ni hili. Nilijua. Si yote, ila ya kutosha kuuliza swali, na sikuuliza, kwa sababu niliona aibu ya kuonekana sielewi mbele ya watu ambao nilitaka kuketi nao. Hakuna aliyenihonga wala kunitisha. Watu walicheka kidogo, na kulikuwa na kiti.

Na usiitoe. Andika ushirika wetu. Anza na babu zenu waliokatwa kidogo kidogo, malizia na mtu wa pikipiki. Andika mkono wangu. Umeniambia chuo chenu kinataka majina yafichwe. Tabitha mfiche vizuri, ubadilishe hata idadi ya ng'ombe, usimtaje yule mweupe. Mimi niite mjumbe wa laini, basi. Kila mtu hapa atajua ni nani, na wewe unajua watajua. Nimelifikiria hilo. Nitaendelea kwenda kanisani.

Huko utakutana na meza kama ile yangu. Watakuwa maprofesa badala ya wenye suti, na mmoja wao atakuambia kwa adabu kwamba jibu liko kwenye kiambatisho. Sina maneno mazuri ya kukupa ya siku hiyo. Najua tu tumbo lilivyokuwa nilipoketi. Lilikuwa tulivu, Nyambura. Nilihisi vizuri. Hilo ndilo ningependa ulijue, kwamba wakati ule haukuwa na uchungu wowote, na kwamba nilikula pilau nikaongeza.

Neno nililokuambia jikoni ninaliondoa. Kama utakuwa daktari wa jambo hili, uwe. Aibu si yako kuibeba, lakini ukiwa na mkono wenye nguvu ya kuiandika, afadhali wewe kuliko mgeni ambaye hakuwahi kunywa maziwa hayo.

Na sitakuuliza tena Tabitha alisema nini. Umetunza neno lake hata mbele yangu nikikutolea macho, na kama mimi ningetunza la watu wangu hivyo siku ile moja, usingekuwa na kitabu cha kuandika. Wewe tunza.

Ila kitakapokwisha nitumie. Nitakisoma, hata kama ni cha Kizungu, nitakwenda polepole na kamusi yako ya shule. Najua utakuwa umechanganya wanawake wote wa laini, umewapa majina mapya na umri mpya, na sitaweza kumtambua. Kwa hivyo kila mwanamke atakayesema neno ndani ya kitabu hicho, awe ananitukana au ananisamehe, nitamsoma kana kwamba ni yeye.

Mama yako